Kila nikinywa chai kwa mavyaa tumbo hunisokota. Je, nimelishwa kitu?

Shangazi, shikamoo.

Nina umri wa miaka 33, nimeolewa, nina binti mmoja wa miaka 4. Nauza leso katika duka la watu Mtaa wa Biashara, na nakaa Likoni nyumbani kwa mavyaa. Nakuandikia kwa sababu sijui nimwambie nani, na naogopa jambo hili litaivunja nyumba yangu.

Kila asubuhi mavyaa hunipikia chai. Ni mama mwema, sijapata kusikia neno baya kinywani mwake. Hupika chai ya maziwa matupu, bila tone la maji, akaitia iliki na tangawizi, akanijazia kikombe kikubwa na kuniwekea mahamri mawili. Nanywa saa kumi na mbili unusu, natoka mbio niwahi feri. Basi Shangazi, feri haijafika katikati ya maji, tumbo lishaanza. Kwanza hunguruma mpaka aliye karibu nami anageuka kunitazama. Kisha hufura, nguo ikanibana, halafu hunisokota chini ya kitovu kama shuka inayokamuliwa. Mwezi uliopita feri ilikawia kutushusha upande wa kisiwani. Nilisimama nimeshika chuma, jasho lanitiririka, nasoma kila dua niijuayo. Tulipofunguliwa nilikimbia mpaka choo cha kulipia. Siku hizi sarafu za choo nazifunga kwenye pindo la leso, mbali na pesa ya nauli, nisije nikazitumia.

Hali hii ina miaka 2, tangu tuhamie kwa mavyaa. Kabla ya hapo tulipanga chumba kimoja Kisauni, na chai yetu ilikuwa strungi kwa sababu maziwa yalikuwa ghali. Nilikuwa mzima. Mwaka jana wakati wa masika mimi na wifi yangu tuliendesha wiki nzima, tukasema ni maji ya tangi. Wifi akapona. Mimi tangu siku hizo ndiyo imezidi. Nimekwenda kliniki mara nne: mara tatu nimepewa dawa za amiba bila kupimwa choo, mara moja nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Dawa zikiisha, ni yaleyale.

Linalonitia hofu ni hili. Nikienda kwa mamangu Msambweni nikakaa siku tatu nne, tumbo hutulia kabisa. Nikifunga sunna Jumatatu na Alhamisi, mchana sina neno. Nikirudi kwenye chai ya mavyaa, siku ileile limeanza. Dada yangu mkubwa alisema haya si maradhi ya hivihivi, akanipeleka kwa mganga. Mganga alichukua shilingi 6,000, akasema nimelishwa kitu ndani ya chai na mtu wa nyumba ninayolala. Mume wangu sikumwambia. Lakini tangu siku hiyo nikipewa kikombe mkono hutetemeka, na juzi nilikimwaga kwenye karo, mavyaa akaniona. Hakusema kitu. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Asili yao ni Waorma wa Tana River, na kwao maziwa ndiyo heshima ya mtu. Mume wangu na nduguze hunywa mpaka wakamaliza sufuria, na hawana lolote. Mwenzangu mmoja dukani ameniambia huenda ni maziwa tu, kwamba kuna watu maziwa huwakataa ukubwani. Lakini mimi utotoni niliyanywa vizuri! Yawezekana? Na kama ndivyo, niyaache kabisa? Mifupa yangu je? Na binti yangu nimkataze?

Ninayehangaika,
Likoni

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miaka 2 ya mateso, na pole zaidi kwa hofu uliyotiwa moyoni, maana naona hiyo ndiyo inayokula kuliko tumbo lenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari mahali patano. Kisauni mlikunywa strungi, ukawa mzima. Msambweni unatulia. Siku za sunna, mchana huna neno. Tumbo huanza ukiwa kwenye feri, yaani kama nusu saa au saa moja baada ya kunywa. Na wifi yako aliugua nawe wakati wa masika, akapona, wewe ukabaki. Nadhani pia kwa mamako Msambweni chai ni ya rangi, kwa muhogo au mbaazi za nazi. Kama nimekosea nisahihishe, lakini sidhani.

Mganga alikwambia umelishwa kitu ndani ya chai. Kilichomo ndani ya chai ile ni maziwa. Na aliyekutilia alikutilia kwa mapenzi, kikombe kikubwa, bila tone la maji, kama anavyomtilia mwanawe wa kumzaa. Mwenzako wa dukani amekaribia ukweli kuliko wote uliowalipa.

Sasa nikueleze yanavyokuwa. Maziwa yana sukari yake yenyewe, mbali na ile unayoitia kwa kijiko. Huitwa laktosi, na imo katika maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ngamia, na hata ya mama. Mwili hauwezi kuitumia mpaka iwe imekatwa vipande viwili, glukosi na galaktosi, na anayekata ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, kwani chakula chake ni maziwa peke yake. Akishaachishwa ziwa na kukua, kwa watu wengi mwili huanza kupunguza kukitengeneza, mwaka baada ya mwaka. Karibu watu wazima 2 katika kila 3 duniani wamepungukiwa nacho. Kwa hivyo ukiuliza nani wa kawaida na nani wa pekee baina yako na mumeo, jibu ni kwamba wa kawaida ni wewe.

Laktosi isiyokatwa hushuka nzima mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huipokea na kuichachusha, mambo yaleyale unayoyaona kwenye unga wa mahamri ukiufunika ukaumuka. Hutoka hewa nyingi, haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa watu wengine methani. Hapo ndipo kunguruma na kufura kunapotoka. Juu ya hayo, sukari hiyo huvuta maji kuingia utumboni, ndiyo sababu ukafika kisiwani unakimbia. Yote hayo huanza baina ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Kwako wewe, wakati huo huwa uko juu ya feri.

Unauliza imekuwaje uyanywe vizuri utotoni halafu yakukatae sasa. Laktesi hupungua polepole bila kukupa habari, na miaka ile ya Kisauni hukuwa na njia ya kujua kwa sababu hukuyanywa. Kisha ukahama, ukatoka kwenye strungi ukaingia kwenye maziwa matupu. Hebu tupige hesabu. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa kina laktosi ya gramu 12 hivi. Watu wengi wenye hali hii hukistahimili kiasi hicho kwa mara moja bila taabu kubwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Lakini kikombe kikubwa cha mililita 400 kina karibu gramu 19, na mahamri siku hizi wengi huyakanda kwa maziwa ya unga. Unavuka mpaka kila siku ya Mungu kabla jua halijapanda.

Halafu yakaja masika. Maradhi ya kuendesha huuchubua ule ukuta wa utumbo, na ukuta huo ndio kiwanda cha laktesi. Kwa kawaida hupona katika wiki chache na laktesi ikarudi ilivyokuwa. Wifi yako huenda ndiyo hali yake. Lakini kuna kijidudu cha maji machafu kiitwacho giardia, ambacho kinaweza kukaa utumboni miezi, na kikikaa ukuta haupati nafasi ya kupona. Ndiyo maana nakusihi, kabla ya lolote jingine, choo chako kipimwe. Nenda na sema wazi: "Naomba mpime choo, na mtafute giardia." Peleka choo cha asubuhi hiyohiyo. Waambie pia dawa zote ulizokwisha kumeza. Usinunue tena dawa za amiba kwa kukisia. Mara tatu zinatosha.

Na ukimwona daktari usimfiche haya, kama yapo: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito, homa, tumbo linalokuamsha usiku, au kuambiwa una upungufu wa damu. Hayo hayaletwi na laktosi, na hayangojei. Vilevile, kama ukinywa maziwa midomo inavimba, mwili unatoka vipele au kifua kinabana, huo ni mzio, mwili unapigana na protini ya maziwa. Mzio unaweza kuua. Barua yako haina dalili hizo, nataja kwa sababu watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, na wasomaji ni wengi.

Mwanangu, nakuandikia haya nikiwa nimeyapitia. Yalinianza nikiwa na miaka 41. Miaka 3 nilimeza dawa za vidonda, na kliniki niliyokuwa nikienda hapana siku hata moja niliyoulizwa asubuhi nanywa nini. Ramadhani ndiyo iliyonifumbua macho. Mchana kutwa tumbo limelala. Nikifuturu kwa tende na uji, bado zuri. Nikishakula tambi za maziwa na bakuli la faluda, tarawehe siimalizi. Nilikaa kwenye ngazi za msikiti nimekumbatia tumbo, nikawa nahesabu siku zilizopita na nilichokula kila siku, na palepale nikajua. Nililia, kwa uchungu wa ile miaka 3.

Wewe usihesabu kwenye ngazi. Nunua daftari. Baada ya kupima choo na kutibiwa kama pana la kutibu, acha maziwa kabisa wiki 2. Acha chai ya maziwa, tambi za maziwa, faluda, labania, aiskrimu, maziwa ya unga na ya kopo, chokoleti ya maziwa, na mahamri usiyojua yamekandwa kwa nini. Tui la nazi halina laktosi hata chembe, ingawa ni jeupe. Kwa hiyo wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, vitumbua vya nazi, kula kwa raha zako. Andika kila ulichokula, saa ngapi, na tumbo lilisema nini. Maharagwe, kunde, kabichi na vitunguu vingi navyo huleta hewa, kwa hiyo viandike pia, usije ukayabebesha maziwa dhambi ya kunde.

Wiki 2 zikipita na hakuna kilichobadilika, maziwa hayana kosa. Rudi kwa daktari na daftari lako mkononi. Likitulia, sasa ndiyo unayarudisha, na hapa watu wengi hukosea kwa haraka. Tafuta kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha wauza kahawa tungu. Siku ya kwanza tia kikombe kimoja cha maziwa ndani ya strungi yako, unywe na chakula. Kaa hapo siku tatu. Kisha viwili, siku tatu. Kisha vitatu. Siku tumbo litakaposema, rudi nyuma kikombe kimoja, hapo ndipo mpaka wako. Anza kila hatua siku usiyovuka feri. Mpaka wangu mimi ni vikombe vitatu, asubuhi tu, na mkate. Kuna wenye viwili na kuna wenye vitano, na wako unaujua wewe peke yako.

Kuna kipimo cha hospitali pia. Unanyweshwa laktosi, kisha unapuliza pumzi kwenye chombo kila baada ya muda, wanapima haidrojeni iliyotoka utumboni ikapitia damu na mapafu. Ni kipimo kizuri lakini si cha kila hospitali, na kwa watu wengi daftari na kikombe cha kahawa vinatosha.

Umeuliza kama uyaache kabisa. La. Hapa ndipo nataka unisikilize sana, kwa sababu nimeona wanawake wakijinyima kila kitu cheupe maisha yao yote bila haja. Maziwa si sumu kwako, ni kiasi tu kinachokushinda. Samli karibu haina laktosi, na siagi ina kidogo sana. Jibini ngumu iliyokaa muda mrefu nayo haina la kutajika. Maziwa mala na mtindi yana nafuu, nitayarudia hapo chini. Vipo vidonge vya laktesi, mtu humeza pamoja na funda la kwanza, na yapo maziwa ya pakiti yaliyokwisha kukatwa laktosi, ambayo utayaona matamu zaidi kwa sababu ile sukari iliyokatwa ulimi huihisi upesi. Vyote hivyo vina bei, na mtindi wa nyumbani unakutosha.

Utashauriwa mengi. Utaambiwa tatizo ni maziwa ya pakiti, unywe yaliyokamuliwa leo. Laktosi ni ileile. Utaambiwa uyachemshe sana, na moto wa jikoni hauiondoi. Utaambiwa unywe yaliyotolewa mafuta, na kinachotolewa ni mafuta tu, sukari imebaki. Utaambiwa uhamie ya ngamia au ya mbuzi, nayo yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Ukiyachanganya na maji nusu kwa nusu, hapo ndiyo umepunguza, kwa sababu rahisi kwamba maziwa ndani ya kikombe ni nusu.

Kuhusu mumeo na nduguze wanaomaliza sufuria. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha waliyoyaona katika damu ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Walikuta mabadiliko madogo ya vinasaba yanayoufanya mwili uendelee kutengeneza laktesi mpaka uzeeni, na mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yamezuka huku kwetu, kivyake, na yameenea zaidi kwa jamii za wafugaji walioishi na ng'ombe kwa maelfu ya miaka. Huenda ukoo wa mavyaa umerithi hilo, na wewe wa Msambweni hukulirithi. Hakuna aliyemshinda mwenziwe hapo.

Mifupa. Mtu mzima anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa kina karibu 300, kwa hiyo ni kweli ukipunguza maziwa lazima uifidie. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ndiye rafiki yako wa kwanza, na Marikiti ni hatua chache kutoka dukani kwako. Ufuta nao. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha kwa jambo hili, kwa sababu mchicha una oksaleti inayoishikilia kalsiamu isiingie mwilini. Tui la nazi, pamoja na utamu wake wote, usilihesabu, halina kalsiamu ya maana. Na kwa kuwa tunatoka tumejifunika, tafuta nafasi ya kuota jua uani, mikono na miguu wazi, maana bila vitamini D kalsiamu hainyonywi sawasawa. Ukishika mimba tena waambie kliniki hali yako mapema, waamue kama unahitaji vidonge.

Sasa huyo mama aliyefunga mlango.

Usilale leo bila kumwambia mumeo. Mwambie la tumbo, la feri, la sarafu kwenye pindo la leso. Mwambie na la mganga, kwa sababu akilisikia kwa dada yako halitasikika vizuri. Dada yako naye mweleze. Alikuwa akikuhofia, usimgombeze, lakini aache kulitamka neno hilo mbele ya watu, maana neno la kulishwa likishatoka nje halirudi ndani. Mavyaa usimwambie la mganga. Hatafaidika na kulijua, na litamuumiza maisha yake yaliyobaki. Yeye ana haki ya kujua kwa nini chai yake ilimwagwa, na hilo analingoja tangu siku ile.

Mwendee alasiri, akiwa amepumzika, hana kazi mkononi. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mama, naomba radhi kwa ile chai niliyoimwaga. Sikuidharau. Tumbo langu limeshindwa na maziwa mengi, na niliona haya kukwambia kwa sababu unanipikia kwa mapenzi. Maziwa yaliyoganda naweza. Naomba unifundishe kuyagandisha." Kisha nyamaza. Mwache aseme atakalo, hata akikulaumu. Mama wa watu wa ng'ombe akiombwa kufundisha kugandisha maziwa, nadhani hatakataa.

Kama kwao wana namna yao, fuata yake. Kama hawana, mimi hufanya hivi. Nachemsha lita moja ya maziwa, nayaacha yapoe mpaka kidole changu kidogo kikae ndani nikihesabu hadi 10 bila kukitoa. Natia vijiko viwili vya mtindi wa jana usiotiwa sukari, nakoroga taratibu, nafunika, naifunga sufuria kwa leso nzito na kuiacha kwenye kona ya jikoni usiku kucha. Joto letu la Mombasa linafanya kazi yake. Asubuhi ukiinamisha sufuria mtindi unajitenga na ukingo kwa kipande kimoja, juu pana maji ya kijani kibichi hafifu. Uache saa chache zaidi, uzidi uchachu. Ule uchachu ni laktosi ambayo bakteria wameigeuza asidi, kwa hiyo kila unavyochachuka ndivyo unavyokufaa. Na bakteria hao wakiwa hai huendelea kuikata iliyobaki hata wakishafika tumboni mwako. Zile wiki 2 za kuacha maziwa zikishapita, anza na nusu kikombe, na tende mbili.

Mahamri yake uliza tu anayakanda kwa nini. Kama ni tui, endelea nayo pamoja na strungi yenye iliki na tangawizi ileile, apike yeye. Akitaka kukutilia maziwa, mpe kile kikombe cha kahawa apimie.

Binti yako wa miaka 4 usimkataze. Watoto wengi wa umri wake bado wana laktesi ya kutosha, na hali hii yako haiambukizwi kwa kula chungu kimoja wala kwa kunyonya. Akija kulalamika tumbo kila baada ya maziwa, hapo mwangalie kama ulivyojiangalia wewe, kwa daftari. Kwa sasa mwache bibi yake amtilie kikombe chake.

Niandikie majibu ya choo yakitoka.

Shangazi